Siku Tuliyofunga Namba Tisa

Juzi nilikwenda sokoni kununua kufuli la kibanda changu cha chipsi. Muuzaji aliingiza ufunguo, akauzungusha, kufuli likaruka: ta! Akalifunga, akachukua la pili ili nilinganishe: ta! Akachukua na la tatu. Nikabaki nimesimama na pochi mkononi, mpaka yule kaka akacheka.

"Dada, vipi, bei imekushtua hata sijaitaja?"

Nikamwambia hapana, kuna kitu nimekisikia tu. Nikanunua la kwanza, nikaondoka. Maembe yalikuwa yamejaa njia nzima, yananuka utamu ule wa kuchachuka, na mimi nilikuwa nimesharudi utotoni, uani kwa Bi Mwantumu.

Nyie mnaonisoma huenda mnaufahamu mwezi wa Desemba ulivyo. Ndio mwezi tunaojifanya watu wa mipango. Mimi hapa nilishajipangia: hela ya mafuta ya kula upande huu, ya viazi upande ule, ya kodi isiguswe, na kidogo cha ile hoteli yangu ya ghorofa ambayo mpaka sasa ipo kichwani tu, ila mapazia yake nimeshayachagua. Shule sikufika mbali, kidato cha nne nikaishia hapo. Lakini jinsi mwaka unavyofungwa nilifundishwa mapema, na siku niliyofundishwa sikutoa chozi hata moja.

Kikoba cha Mama, kikundi cha wanawake cha kuweka akiba, kilikutana kila Jumamosi alasiri, hapahapa mtaani kwetu Chemchem. Bi Mwantumu, mwenyekiti, alitandika mikeka uani, na katikati likawekwa sanduku la chuma la rangi ya kijani lenye makufuli matatu. Funguo zilikaa kwa wanawake watatu wa nyumba tatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Walifungua kwa zamu, kila mmoja na kufuli lake: ta, ta, ta. Kisha kifuniko kikainuliwa, ikatoka ile harufu ya noti zilizolala kwenye mapindo ya khanga: jasho, vitunguu, karafuu, na chuma.

Ukishakanyaga mkeka, jina lako liliishia mlangoni na viatu. Wewe ni namba. Mwenye kuita alikuwa katibu, Mama Ngassa, mkulima wa Itetemia, mwanamke mrefu wa sauti kavu, aliyekuja na baiskeli yake, rozari shingoni na jembe wakati mwingine bado limefungwa nyuma. Anaita namba, unaitika "Nipo", unakwenda kununua hisa zako, unarudi kukaa. Kuitika ni kwa mdomo. Aliyetikisa kichwa alipigwa faini.

"Kichwa hakina sauti," Mama Ngassa alikuwa akisema. "Tena cha kwako kina kilemba, hata hakionekani. Weka faini."

Mama alikuwa Nane. Tisa alikuwa Baba yangu, mwanamume pekee katika kundi lile lote.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa asali. Alikwenda Urambo na vijiji vya huko kununua kwa warina asali, akarudi na madumu yake, nyumba ikanuka nta na moshi wa porini mpaka uvunguni. Pesa alikuwa akiipata. Tatizo lake lilikuwa moyo. Mtu akimsimamisha njiani na hadithi ya mgonjwa au ya karo, Baba alikuwa ameshafungua pochi hadithi haijafika katikati. Ndipo akamfuata Mama kwenye kikoba. Siku ya kwanza wanawake walimcheka mpaka wakajipiga mapaja.

"Shemeji, umekuja kuweka akiba au umekuja kutuchagua?"

"Nimekuja kuzificha hela zangu nisizione mwenyewe," Baba akajibu. "Nyie ndio polisi wangu."

Wakampa namba iliyofuatia ya mkewe. Nilizoea kukaa kati yao, mgongo kwenye goti la Mama, mkono kwenye kanzu ya Baba. "Nane?" "Nipo." "Tisa?" "Nipo, na asali ninayo!" Kila Jumamosi alipigwa faini ya kuongeza maneno, na kila Jumamosi aliilipa anacheka. Nadhani ndiyo faini pekee aliyoipenda maishani.

Mwaka mmoja, msimu wa asali ulipokuwa unakwisha, alirudi kutoka Urambo na homa. Akalala. Wakampeleka hospitali, na hakurudi kwa miguu yake. Mambo ya siku zile nayaona kama kitu nilichosimuliwa na mtu mwingine. Mahema, sufuria kubwa, wanaume wametanda njiani, khanga za kina mama, mkono wa mtu nisiyemjua kichwani kwangu. Walikuwa wakinitazama usoni wanangoja. Nilimsikia mmoja akinong'ona, "Huyu mtoto hajalia."

Ni kweli sikulia. Mnajua mguu ukiulalia, ukiamka unaushika na huusikii, kama wa mtu mwingine? Nilikuwa hivyo mwili mzima. Na maneno nayo yalikoma. Sikukusudia kunyamaza, nilifungua mdomo nikakuta hakuna kitu. Nilitikisa kichwa, nilinyoosha kidole, nilikula nilichopewa. Shuleni mwalimu alinikalisha karibu na dirisha, akaniacha. Sikuwa na huzuni wala furaha. Niliangalia kuku.

Mama alikuwa ndani ya eda. Mjane wa Kiislamu hatoki, anakaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, hajipambi, hafanyi shughuli za nje. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya kikoba baada ya msiba akanifungia pesa kwenye pindo la khanga, fundo moja gumu, akanishika mabega.

"Zena, utakwenda uniwekee hisa yangu. Ukiitwa Nane, itika. Hata kwa sauti ndogo, mwanangu. Itika."

Nikatikisa kichwa kukubali.

Uani kwa Bi Mwantumu nilipoingia, wote walinyamaza, halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja mambo ya hali ya hewa. Nikakaa mahali petu. Kushoto kwangu na kulia kwangu mkeka ulikuwa mtupu. Makufuli yakafunguliwa. Mama Ngassa akaanza kuita, macho chini, kwa mwendo wake wa siku zote.

"Nane?"

Nikanyoosha mkono.

"Nane?"

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Safari hii hakuna aliyetaja faini. Bi Mwantumu akaja mwenyewe, akalifungua lile fundo, akanunua hisa ya Mama, akanirudishia khanga. Mama Ngassa akaendelea, na nadhani alikuwa bado ananifikiria mimi, maana ulimi wake ulikwenda ulikozoea kwenda.

"Tisa?"

Uani pote pakaganda. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta mchele aliuacha ungo hewani. Nilimwona Mama Ngassa akiushika mdomo wake kama aliyejing'ata.

"Nipo," nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Lilitoka la kukwaruza, kama mlango wa banda usiofunguliwa siku nyingi. Nilitazama nyuma kuona nani amesema. Hakuna aliyepiga kigelegele, hakuna aliyelia mbele yangu. Mama Ngassa akasema kwa sauti ileile kavu, "Tisa yupo. Kumi?" Na Kumi akaitika kwa shida, pua imeziba.

Siku hiyo Bi Mwantumu alinisindikiza mpaka nyumbani, ingawa njia naijua hata nikifumba macho. Akaingia kwa Mama, wakafunga mlango. Nilikaa kizingitini natafuna matobolwa niliyopewa na Mama Ngassa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, yale makavu ya kwao Itetemia yanayouma meno kabla hayajawa matamu. Ndani sikusikia maneno. Nilisikia tu Mama akipenga kamasi.

Jumamosi iliyofuata khanga ilikuwa na mafundo mawili.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Wiki nzima nilikaa kimya, na Jumamosi alasiri nilisema "Nipo" mara moja. Baadaye mara mbili, maana nilianza kumwitikia na Mama. Nane, nipo. Tisa, nipo. Kichwani mwangu mambo yalikuwa mepesi: Baba anaitwa, anaitika, kwa hiyo Baba ana mahali. Hayupo Urambo, hayupo kitandani, hayupo makaburini. Yupo pale kati ya Nane na Kumi. Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje?

Mvua zikaanza. Kumbikumbi wakatoka ardhini, tukawakamata kwa beseni la maji na Mama akawakaanga kwa chumvi. Eda ikamalizika, Mama akaoga, akafungua sanduku lake la nguo, akavaa khanga yenye rangi. Siku chache baadaye nilimsikia Mama Ngassa mlangoni kwetu. Hakuingia, alisimama na baiskeli yake.

"Wiki ijayo tunavunja," alisema. Kuvunja, kwa wasiozoea, ni kuligawa sanduku mwisho wa mwaka. Kila mtu anachukua chake, sanduku linabaki tupu, mwaka mpya unaanza na vyuma vitupu. "Na Tisa tuifunge, Mama Zena. Mwaka haufungwi na namba iko wazi."

"Mama Ngassa, na huyu mtoto je?"

"Ndiyo kwa sababu yake nasema."

Nilikuwa nyuma ya mlango na beseni mkononi. Nilimchukia Mama Ngassa, lakini hata chuki yenyewe ilikuwa ya ganzi, ilikaa mbali, kama jiwe unaloliona chini ya maji. Nilichokijua ni kimoja: sanduku likivunjwa, Tisa haitaitwa tena. Na Tisa isipoitwa, Baba ataitikia wapi?

Nikapanga mpango. Mimi mtu wa mipango tangu zamani. Siku ya kuvunja, pesa haitoki kwenye mkeka mpaka mwenye namba aitike, na akishaitika aseme mbele ya wenzake pesa yake inakwenda kufanya nini. Hiyo ilikuwa desturi yao, ili mtu asiende kuitapanya kimya kimya. Kwa hiyo, nikajiambia, nisipoitika, Tisa haiwezi kufungwa. Watangoja, watachoka, wataiacha mpaka mwakani.

Siku ikafika. Pilau lilikuwa linapikwa nyuma ya nyumba na wingu jeusi lilikuwa linakuja kutoka upande wa reli. Mama alikaa mahali pake, mimi ubavuni kwake. Makufuli yakafunguka: ta, ta, ta. Vicheko vilikuwepo, kama kila mwaka.

"Tatu, yako inakwenda kufanya nini?"

"Bati za jiko."

"He! Mwaka jana si ulisema bati hizohizo? Ziliota miguu?"

"Ziliolewa! Binti yangu aliolewa, zikaenda kwenye sherehe. Mwaka huu sina binti mwingine."

Wakacheka, wakapiga vigelegele, wakaita Nne, Tano, Sita, Saba. Nane akaitwa, Mama akaitika. Alipoulizwa pesa yake inakwenda kufanya nini, akasema, "Nitaisema pamoja na ya Tisa." Wakamwelewa. Vicheko vikapungua vyenyewe.

"Tisa?" akaita Mama Ngassa.

Nikafunga mdomo. Nikabana na meno.

"Tisa?"

Upepo ukaingia uani, ukainua ncha ya mkeka. Mtu akainuka kuokota kifuniko cha sufuria, akarudi kukaa. Mama hakunigusa, hakunisukuma. Nilitazama mikono yake mapajani, mikavu, yenye nyufa za kufulia watu nguo, na sikuhisi chochote.

"Tisa," Mama Ngassa akasema mara ya tatu, taratibu, "pilau linapoa na mvua inatunyemelea."

Nilikuwa nashinda, nyie, nilikuwa nashinda kabisa. Akina mama wote wale wazima, na sanduku lao wazi, wamekwama kwa ajili yangu.

Ndipo Mama Ngassa akafanya kitu ambacho katibu hafanyi. Akaondoka kwenye kigoda chake, akaja, akakaa chini mbele yangu, magoti yake marefu yamejikunja vibaya kwenye mkeka. Alinuka udongo mbichi na tumbaku ya mashamba ya jirani zake.

"Zena. Tisa ni nani?"

Nikashika ncha ya mkeka.

"Mimi nimesahau. Niambie. Tisa ni nani?"

"Baba," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza tofauti na nipo.

"Haya. Ninamwita baba yako. Yupo?"

Nikatazama ule mkeka ulio upande wangu wa pili. Ulikuwa umesukwa kwa ukindu wa zambarau na kijani, na mahali alipozoea kukaa palikuwa na doa la asali lililoshika vumbi, jeusi, ambalo hakuna aliyelisugua tangu msimu ule. Niliangalia lile doa muda mrefu. Hakuna mtu aliyeniharakisha. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya kifuniko cha sanduku, likagonga kama kidole.

"Hayupo," nikasema.

"Hayupo," Mama Ngassa akarudia kwa sauti ya katibu, ili wote wasikie. Akainuka kwa kushika bega langu. "Tisa hayupo. Pesa yake inakwenda kufanya nini?"

Mama akajibu. "Madumu. Nane na Tisa zinakwenda pamoja kununua madumu na nauli ya Urambo. Asali nitaifuata mwenyewe."

Hakuna aliyepiga kigelegele, ila nilisikia mwanamke mmoja akisema, "Nenda, mama." Kisha mvua ikamwagika, tukabeba sanduku, mikeka na sufuria kukimbilia barazani, na Kumi mpaka wa mwisho waligawiwa humo wamebanana, pilau mkononi. Nilikula. Nakumbuka nilipata mfupa wenye nyama nyingi. Sikulia hata siku hiyo. Niliomba chumvi, kwa mdomo wangu, na aliyenipa chumvi aliiangusha.

Mama alikwenda Urambo kweli. Alijifunza kupima asali kwa kuitazama inavyodondoka, alidanganywa mara moja, hakudanganywa tena. Asali hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka pale nilipoishia.

Mengine niliyajua mwaka jana tu, nilipoomba kuingia kikoba mwenyewe na Mama akaona nimekuwa mtu wa kuambiwa. Tulikuwa tunachambua mchele. Akaniambia kwamba kwa sheria yao, mwanachama akifariki, namba yake hufungwa wiki ileile na hisa zake hupelekwa kwa wenyewe. Pesa ya Baba ilipaswa kuingia nyumbani mara tu baada ya msiba, wakati ule ambao Mama hakuweza kutoka kutafuta na tulikula ugali kwa mlenda mchana na jioni. Nilimkumbuka akisukuma sahani yake upande wangu, akisema anafunga kulipa siku zake za Ramadhani. Zilikuwa siku nyingi sana hizo za kulipa. Niliwahi kujiuliza utotoni Mama alikuwa mgonjwa kiasi gani Ramadhani ile.

Ile pesa ilikuwepo, sandukuni, hatua chache kutoka kwetu. Akaiacha. Na juu yake akawa anafunga fundo la pili kila Jumamosi, ili namba iwe na sababu ya kuitwa, ili mimi niseme neno moja.

"Sikuwa na daktari wa kukupeleka," aliniambia, macho kwenye ungo. "Nilikuwa na hiyo."

Nikamuuliza wazo lilikuwa la nani, nikidhani atamtaja Bi Mwantumu. Akatabasamu. Lilikuwa la Mama Ngassa. Siku ile niliyoitika, nikiwa nimetumwa nje kidogo, aligoma kufunga kikao mpaka wote wakubali kuivunja sheria yao, akasema mwenye ufunguo atakayepinga amkabidhi yeye ufunguo huo. Na mwisho wa mwaka ni yeye tena aliyesema inatosha, nisije nikazoea kuishi kwenye namba ya mtu aliyekufa. Mwanamke niliyemchukia nyuma ya mlango, na beseni la kumbikumbi mkononi.

Nilitaka kwenda kumshukuru. Siku niliyomkuta alikuwa anapalilia, amezeeka, sauti bado kavu. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," akanitazama juu mpaka chini. "Na ile hoteli yako ya ghorofa imefika wapi?" Nikasema bado mapazia. Akacheka, akanipa matobolwa, na nilichokuja kukisema nikarudi nacho. Nadhani alikiona. Hakunilazimisha.

Namba tisa hawajampa mtu. Waliniuliza kama naitaka, nikakataa, nikachukua ya mwisho kwenye orodha. Jumamosi nikikaa pale nasikia katibu wa sasa, binti mdogo kuliko mimi, anaita Nane, Mama anaitika, halafu huyo binti anavuta pumzi kabla ya Kumi. Hajui kwa nini anaivuta. Amerithi tu kutoka kwa aliyemtangulia. Kwenye pumzi ile bado najisikia ganzi kidogo, kama mguu unaoanza kuamka, na siikatai.

Jumamosi hii tunavunja. Nimeshajua nitakachosema pesa yangu inakwenda kufanya, mapazia yakiwemo, na watanicheka, najua. Nitangoja zamu yangu mpaka mwisho kabisa, nikiitwa nitaitika kwa mdomo.